Picha Iliyootesha Msitu

(Hotuba niliyoitoa Tanga mbele ya wachoraji, walimu wa sanaa na mabwana miti wenzangu. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema. Nimepunguza pale tu niliporudiarudia.)

Wazee wangu, shikamooni. Dada zangu na kaka zangu, hamjambo. Na nyinyi vijana wa brashi mliokaa kule nyuma karibu na mlango, msije mkatoroka kabla ya chai.

Mwenyekiti ameniita mtaalamu wa picha. Kofia hiyo naomba niirudishe mapema, haijanienea. Mimi nimekuwa bwana miti kwa miaka thelathini na minne: kitalu, miche, mistari, moto, panga. Sanaa niijuayo ni ile ya ukutani kwangu, kalenda ya duka la vifaa vya ujenzi na picha ya Kaaba aliyotuletea marehemu shemeji yangu. Kwa hiyo nikisema neno juu ya rangi likawachekesha, chekeni. Nikisema juu ya miti, hapo tutabishana.

Nina picha moja tu ya kuwasimulia. Ilichorwa mwaka 1855 kwenye pwani ya kusini-magharibi ya Victoria, Australia, na mtu aliyezaliwa Vienna, akaitwa Eugene von Guérard. Walowezi walikuwa hawajamaliza miaka ishirini na mitano katika pwani ile. Mlima aliouchora unaitwa Tower Hill. Baadaye mlima ukanyolewa ukabaki kipara. Kisha kuanzia mwaka 1961 watu wakaishika picha ile wakaisoma kama mimi na wenzangu tunavyosoma orodha ya mbegu, wakapanda upya. Leo kuna msitu. Ndugu zangu, nimesaini orodha nyingi za mbegu maishani mwangu, lakini sijapata kuona iliyotiwa fremu.

Niliionaje? Binti yangu ameolewa Melbourne. Nilipokwenda kuwaona wajukuu, wiki ya kwanza walinionyesha maduka. Ya pili nikasema basi, nipelekeni palipo na miti. Tukaendesha kilomita mia mbili na sitini hivi kuelekea magharibi hadi mji wa bandari wa Warrnambool, na kwa kuwa mvua ilikuwa inanyesha tukaanzia ndani, kwenye nyumba ya sanaa ya mji.

Picha yenyewe si kubwa kiasi hicho. Upana mita moja na ushei, kimo hakifiki sentimita sabini. Ukiitazama ni kama umesimama juu, kwenye ukingo wa kasoko ya volkano. Fikirieni Ngorongoro, lakini ndogo sana, ya kilomita chache tu kutoka ukingo hadi ukingo. Chini kuna ziwa, na katikati ya ziwa vimesimama vilima vidogo kama visiwa, vimevaa miti. Ng'ambo ya ukingo wa pili nchi inatambaa hadi baharini, na bahari yenyewe ni uzi tu. Sasa rudi miguuni pako. Hapo ndipo niliposhikwa. Majani ya mbele yamechorwa kila jani peke yake, kama mtu anayehesabu pesa mbele ya mdeni. Mchoraji mwingine akitaka mti, anachora mti. Huyu amechora mti huu, uliosimama hapa, si ule wa pale.

Nikasogea. Mlinzi akakohoa. Nikarudi nyuma hatua moja, nikasubiri, nikasogea tena. Safari hii hakukohoa, alikuja. Binti yangu kwa aibu akamwambia, "Naomba umsamehe baba yangu, ni bwana miti, anahesabu." Na kweli nilikuwa nahesabu. Nilikuwa natafuta mtu alichora aina ngapi, na kila aina ameiweka wapi: ipi mteremkoni, ipi bondeni, ipi na matete ukingoni mwa maji. Jambo hilo la mwisho ndilo linalotofautisha pambo na taarifa. Mti unaweza kuuchora kutoka kichwani. Mahali pa mti huwezi kupabuni bila kukosea, na bwana miti atakukamata.

Huyu mtu alijifunzia wapi kutazama hivyo? Alizaliwa 1811. Baba yake alikuwa mchoraji wa jumba la kifalme la Vienna, wa zile sura ndogondogo za watu wakubwa. Baba na mwana wakazunguka Italia pamoja wakichora, hadi kipindupindu kilipomwua mzee huko Naples mwaka 1836. Kijana akaenda kusoma Düsseldorf, Ujerumani, shule iliyomfundisha kwamba anayechora mwamba sharti aujue mwamba. Zama hizo msomi Alexander von Humboldt alikuwa anawahimiza wachoraji watoke Ulaya, wakatazame mimea na milima ya nchi za mbali kwa jicho la sayansi. Lakini msidhani von Guérard alikuja Australia kwa ajili ya sayansi. Alifuata dhahabu, kama wengine wote. Alishuka Geelong mwishoni mwa Desemba 1852, akaenda Ballarat kuchimba, akakaa kama mwaka mmoja akipata matope na shajara nzuri. Dhahabu ilimkwepa. Akarudi kwenye brashi, na hapo akakuta kwamba waliopata pesa walikuwa wanatafuta mtu wa kuwachorea walichonacho.

Hili la pesa nalitaka likae vizuri, maana ndilo shina la maneno yangu yote leo. Von Guérard aliishi kwa oda. Mlowezi mwenye maelfu ya kondoo anamwita, anamlaza, anamlisha, naye anachora nyumba, uwanda, ziwa, mlima kwa nyuma. Mwenye mali anaitundika sebuleni. Wageni wakija wanaona nchi imetulia, imenyooka, ina mwenyewe. Ndiyo ile ile ya siku hizi ya mtu kupigwa picha ameegemea gari jipya, sema tu wao gari lao lilikuwa bonde zima. Picha ya namna hiyo ni shahidi aliyelipwa. Na mimi niliyepata kukaa kwenye mabaraza ya ardhi ya kijiji nawaambieni, shahidi aliyelipwa hafukuzwi. Anahojiwa. Mara nyingi anajua mengi kuliko alivyolipwa kusema.

Basi tumhoji huyu.

Pwani ile walowezi waliingia rasmi Portland mwaka 1834, ukoo wa Henty na kondoo wao. Kabla yao walikuwepo wavua nyangumi. Karibu na Portland, mwaka 1833 au 1834, palitokea ugomvi juu ya nyangumi aliyetupwa ufukweni: wenyeji, watu wa Gunditjmara, walisema ni wao kwa haki ya pwani yao, wavuvi wakasema ni wao. Wavuvi walikuwa na bunduki. Walioanguka ni wengi. Miaka ya 1840 ikawa vita ya kweli huko ndani. Gunditjmara wakitumia mapango na miamba ya volkano isiyopitika kwa farasi, wakichukua kondoo, wakirudi kwenye mawe yao. Walowezi na askari wakijibu kwa risasi. Von Guérard alipofika na daftari lake mwaka 1855, moshi ulikuwa umeshatulia. Picha yake ina utulivu, na utulivu ule una umri wa miaka kumi tu. Mtazamaji asiyejua hayo atasema, mahali pazuri pasipo na mtu. Ajuaye anasema, mahali paliponyamazishwa juzi.

Aliyemwagiza picha ile naye ni mtu wa kusimuliwa, na hapa shahidi wetu anaanza kuwa na mambo mengi. Jina lake James Dawson, Mskoti, alifika 1840, akawa na shamba la mifugo liitwalo Kangatong. Mlowezi kama wengine, alikalia ardhi ya watu. Lakini masikio yake yalikuwa wazi. Yeye na binti yake Isabella walijifunza lugha za wenyeji waliowazunguka, wakaandika maneno, mila, majina ya mahali, na mwaka 1881 Dawson akayachapisha kitabuni. Sasa mtu wa namna hiyo anapomwambia mchoraji, nichoree Tower Hill, hajaagiza nyumba yake, hajaagiza kondoo wake. Ameagiza mlima usio wake, jinsi ulivyo. Nimelifikiria hilo sana. Sijui kama alikuwa na wasiwasi, ila mimi ningekuwa nao. Ukiishi na kondoo unajua meno yao yanafanya nini.

Yakafanya. Misitu ya ile kasoko ikakatwa, mifugo ikaingizwa, mawe yakachimbwa. Mwaka 1892 ikatangazwa hifadhi ya taifa, ya kwanza katika jimbo lote la Victoria, na ndugu zangu mabwana miti mnajua jinsi tangazo linavyoweza kukaa kwenye karatasi huku mbuzi wakikaa msituni. Malisho yaliendelea. Uchimbaji uliendelea. Sungura, walioletwa na Wazungu, walimaliza yaliyobaki. Nimeona picha za kamera za zama za baadaye: vile visiwa vilivyokuwa vimevaa miti vimekaa uchi kama vichuguu.

Nirudi kidogo kwa mchoraji. Mwaka 1870 aliteuliwa kuwa mkuu wa kwanza wa shule ya uchoraji ya nyumba ya sanaa ya taifa huko Melbourne. Na mwaka huo huo mkosoaji mkubwa wa mjini, James Smith, akamshukia magazetini: picha zako zina vitu vingi mno, jani, jani, jani, roho iko wapi? Fasheni ilikuwa imegeuka. Watu walitaka ukungu, hisia, brashi pana. Von Guérard alijitetea kwa maandishi kwamba huo undani ndio kazi yenyewe, na kwamba thamani yake itaonekana siku za mbele. Nawaomba nyinyi walimu wa sanaa mnisamehe, lakini hapo mimi niko upande wa mzee. Roho ya mti iko kwenye jani lake. Ukinichorea ukungu, miaka mia baadaye nitapanda nini? Nitapanda ukungu?

(Hapa mwalimu mmoja aliyekaa mbele alitikisa kichwa sana. Tulimalizana wakati wa chai, na hatukukubaliana.)

Sasa tufike 1961. Kasoko inatangazwa hifadhi ya wanyamapori ya jimbo, na wahusika wanaamua kuurudisha uoto wa zamani. Swali la kwanza la kazi yoyote ya namna hiyo ni lile lile, hapa Usambara au huko: urudishe nini? Wazee walioukuta msitu wamekufa. Mashina yameoza. Udongo umehama. Na hapo ndipo mtu akakumbuka ile picha ya Dawson. Wataalamu wa mimea wakakaa nayo, wakatambua aina za miti na majani kwa namna zilivyochorwa, na mahali zilipochorwa. Yale majani ya James Smith, yale yasiyo na roho, yakasomwa moja moja. Kisha wakaja watu wa kujitolea, watoto wa shule, vilabu, mwaka baada ya mwaka, na miche. Tangu wakati ule imepandwa zaidi ya miti na vichaka 300,000.

Mvua ilipokatika tukaenda. Ni kilomita kumi na kitu kutoka mjini. Gari linashuka ndani ya kasoko kwa barabara ya kuzunguka, na mara unakuwa chini ya miti. Nilimwomba mkwe wangu asimamishe gari, nikatoka, nikaenda kwenye mti mmoja uliokuwa umeangusha nywele zake ndefu za kijani kibichi chenye kijivu. Nikavuta unywele mmoja nikauvunja. Ukakatika kwenye pingili, tak, kama muwa wa mtoto. Nikauvunja tena, tak. Nikausogeza machoni: kwenye kila pingili kuna vimeno vidogo vimezunguka, na hivyo vimeno ndivyo majani yenyewe. Nikamwita binti yangu. "Njoo umwone mvinje." Akasema, baba, huku hakuna mvinje. Nikampa nusu. Yeye ni mtoto wa Tanga, ufukweni alikua akizivunja hivyo hivyo. Akavunja, tak, akanitazama. Si mvinje wetu hasa. Ni nduguye, wa ukoo ule ule, na ni miongoni mwa miti waliyoirudisha pale. Tulisimama tukavunja vijiti kama watoto hadi mjukuu akalalamika njaa. Tukafungua chapati, na hapo akaja emu, ndege mrefu kama nguzo ya umeme asiye na haya hata kidogo, akaitazama chapati kama mjomba aliyechelewa harusini.

Lakini mimi ni bwana miti, sikwenda kusifu tu. Picha ina mipaka yake na niliiona mle ndani kwa macho. Picha inakupa umbo la mti, haikupi mbegu. Ukiambiwa mkaratusi wa aina fulani, mbegu uitoe wapi? Ya bonde la karibu, au ya mbali iliyozoea mvua nyingine? Picha imenyamaza. Inakupa kilicho juu ya ardhi, haikupi udongo, wadudu, ukungu wa mizizi. Inakupa siku moja ya mwaka 1855, wala haikuonyeshi kilichotangulia wala kilichofuata. Na haikuambii nani atakula. Pale wako koala, wanyama wa kukwea miti, wanaopenda mno mkaratusi mmoja mweupe wa pwani ile, na wakizidi idadi mti unabaki mifupa. Msitu uliopandwa wote kwa mkupuo una tabia ya kuzeeka wote kwa mkupuo. Wenzangu wa mashamba ya miti mnaitikia, nawaona.

Kuna kubwa kuliko hayo ambalo picha haikulipiwa kulisema. Nchi ile haikuwa imekaa tu ikimsubiri mchoraji. Wenyeji walikuwa wanachoma majani kwa mpango, mahali fulani, msimu fulani, ili nyasi mpya zichipue na wanyama waje; uwanda wazi ambao walowezi waliusifu kwamba Mungu ameuumba tayari kwa kondoo, kwa sehemu kubwa ulikuwa kazi ya mikono. Magharibi zaidi, kwenye miamba ya volkano ya Budj Bim, Gunditjmara walijenga kwa mawe mifereji na mitego ya mikunga. Nasema mkunga samaki, yule anayeteleza, si mama wa wodi ya wazazi. Walikuwa wanayageuza maji, wanawafuga mle, wanawavuna. Ukiifananisha na wando zetu za Pemba utaelewa akili yake, isipokuwa wao walijenga kwa mawe, na sehemu yake ina umri wa zaidi ya miaka 6,000. UNESCO iliiandika kuwa urithi wa dunia mwaka 2019. Na karibu na Tower Hill, miaka ya 1940 shoka la jiwe lilikutwa chini ya majivu ya volkano ile. Mwaka 2020 wanasayansi walipima mlipuko ule, wakapata takriban miaka 37,000. Chini ya majivu, narudia. Maana yake mtu aliliacha lile shoka kabla mlima haujalipuka. Mji mdogo ulio ubavuni mwa kasoko unaitwa Koroit, na jina hilo limetoka kwa watu wa pale, Koroitgundidj. Shahidi wetu alikuwa na jicho la kuona jani la kangaga kwa umbali wa hatua kumi. Hayo hayakuwa kwenye oda.

Mtaniuliza, haya yanatuhusu nini watu wa Tanga? Kwanza miti yenyewe mnaishi nayo. Mikaratusi yote mnayoilaumu kwa kunywa maji ya vyanzo, asili yake ni upande ule wa dunia. Miwati ya Njombe, inayobanduliwa maganda kwa ajili ya kusindika ngozi, nyumbani kwao ni kusini-mashariki ya Australia, Victoria ikiwemo. Enzi za von Guérard, mtaalamu wa mimea wa serikali ya Victoria, Ferdinand von Mueller, alikuwa akisambaza mbegu za mikaratusi pande nyingi za dunia kama mtu anayegawa kadi za harusi. Hebu fikirini kichekesho hicho: huko kwao wanaikata ile miti ili kondoo wapite, na huku inapandwa vilimani kama dawa ya kila ugonjwa. Mimi mwenyewe nimeipanda. Nilikuwa kijana, nikapewa mche na mstari, nikapanda mstari.

Pili, kuna mlima juu ya kijiji chetu, jina sitalitaja maana kesi yake bado iko barazani, ambao nao umenyolewa. Mwaka jana tulikaa kupanga kuurudisha. Hatukuwa na von Guérard. Tulikuwa na picha mbili za kamera za enzi ya Mjerumani zisizoonyesha kitu ila hema na bwana mmoja mwenye masharubu; miti iko nyuma, ukungu mtupu, James Smith angefurahi. Nikaenda kwa bibi mmoja mfinyanzi, ana miaka themanini na kitu. Nikampigia shikamoo, nikamwuliza mlima ulikuwaje. Hakuanza na miti. Alianza na kuni: alikuwa akipanda na mama yake njia gani, walipumzikia wapi, na hapo palikuwa na kivuli cha nini. Mkuyu hapa, kwenye maji. Mshai ule mkubwa kwenye kona. Mvule ulipigwa na radi mwaka aliovunja ungo. Akafika miti kumi na saba, na kila mmoja mahali pake. Nikaandika nyuma ya bahasha, kwa kuwa daftari nililisahau kwenye pikipiki. Kijana mmoja wa hapa mjini, yuko humu ndani, amekubali kwenda kukaa naye achore anachosimulia. Mwanangu, nakuomba usichelewe. Na usichore ukungu.

Nimalizie na mambo mawili ya Dawson na Kangatong, halafu chai.

Dawson alikuwa na rafiki kati ya wenyeji, Wombeetch Puyuun, ambaye walowezi walimwita George wa Camperdown. Alikufa mwaka 1883 Dawson akiwa safarini Uskoti. Aliporudi akakuta amezikwa kwenye kinamasi nje ya makaburi ya watu. Mzee yule akawazungukia walowezi kuomba mchango wa kaburi la heshima. Wengi walikataa. Akaijenga nguzo ya mawe karibu yote kwa pesa zake, ndani ya makaburi ya Camperdown, na bado imesimama. Juu yake hakuweka mwaka wa kuzaliwa na kufa kama sisi tunavyofanya. Aliweka 1840 na 1883. Mwaka walowezi walipoikalia sehemu ile, na mwaka alipokufa huyu aliyemhesabu kuwa wa mwisho wa watu wa pale. Miaka arobaini na mitatu.

La pili ni dogo. Von Guérard alipokuwa Kangatong, Agosti ile ya 1855, alimkuta kijana wa kienyeji, hajamaliza hata ujana, akiitwa Johnny. Baadaye wakamwita Johnny Kangatong, au Johnny Dawson kwa jina la mwenye shamba. Kijana alikuwa anachora. Mchoraji wa Düsseldorf akazipenda kazi zake, akazihifadhi pamoja na zake, ndiyo maana zimefika hadi leo maktabani Sydney. Nao wakachorana. Von Guérard akamchora Johnny, na Johnny akachukua penseli akamtazama yule mgeni aliyekuwa kazini siku zote kutazama nchi ya wenzake, akamchora.

Ahsanteni. Chai iko upande wa kulia.